Tunaouguza mke au mume nyumbani, tukae hapa tupeane akili

Fundi wa Kimanga (mleta uzi)
Jumanne, saa 5:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi cherehani. Uzi niliouzoea ni wa kushonea, huu ndio wa kwanza wa aina hii, mnivumilie nikirefusha.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la pili. Novemba 2022, Jumapili asubuhi, alikuwa anajifunga kanga twende misa, mkono wa kulia ukagoma. Mdomo ukaenda upande. Nikacheka, nikajua ananitania. Kisha akashuka chini kama gunia. Majirani wakasema ni upepo, wakasema asiguswe na sindano atakufa, akachuliwa mafuta ya habasoda mpaka jioni. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalonikaba: hospitali tulifika Jumatatu. Kiharusi. Kiliondoka na upande wote wa kulia, na maneno.

Huu ni mwaka wa tatu. Saa 10 alfajiri naamka kumgeuza na kumbadili pampasi. Saa 12 maji ya moto, namwogesha, nampaka mafuta. Saa 1 uji, kijiko kwa kijiko, dakika 40. Saa 2 nakaa kwenye cherehani barazani, mlango wa chumba wazi. Ana kikombe cha bati na kijiko, anagonga kwa mkono wa kushoto. Akigonga mara 1, nimgeuze. Mara 2, haja. Mara 3 hataki kitu, anataka nije tu nikae. Hizo za mara 3 ndizo zinazochelewesha nguo za watu.

Kilichonileta hapa: jana nilimfokea. Alitema uji kwenye shuka niliyotoka kuitandika muda huohuo. Nikasema neno ambalo sitaliandika. Hakulia, aliniangalia tu. Nikaenda kukaa chooni, maana ndiko kwenye komeo.

Watu wakija wanauliza hali ya mgonjwa, ndiyo adabu, sina ugomvi. Ila mwaka wa tatu huu hakuna aliyeuliza mimi nimelala saa ngapi. Mtaani wana jibu lao tayari: nimelishwa limbwata, mwanaume gani anafua nepi za mkewe.

Ninyi wenzangu mnafanyaje? Pole msinipe. Pole ninazo gunia zima.

---

Kibubu

Nakaa pembeni nasoma. Mama mkwe wangu anauguza mzee, nitampelekea huu uzi.

---

Chuma cha Pua

Mkuu unajitesa bure. Vuta jiko la pili limsaidie la kwanza. Mwanaume hakuumbwa kukoroga uji.

---

Mama Kulwa wa Igoma

Chuma cha Pua, hebu nisaidie. Mimi wangu ni mume, figo zote mbili zimekufa, namtoa Igoma kwenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara anakaa kwenye mashine muda wa saa 4. Na mimi niongeze mume wa pili amsaidie wa kwanza? Ukimpata mwenye mgongo mzima wa kumwinua mwenzake kumpandisha kwenye bajaji, niletee leoleo, mahari nalipa mimi.

Fundi, sikupi pole. Nakupa habari za huku. Kwangu kazi siyo nepi, kazi ni maji. Mtu ambaye figo hazitoi mkojo, kila kikombe anachokunywa kinabaki mwilini, kinapanda miguuni, kinapanda kwenye mapafu, usiku anakaa dirishani anatafuta pumzi. Daktari kampimia kikombe kidogo kidogo kwa siku. Mwanamume niliyemheshimu miaka 22 sasa namvizia kama mtoto asiibe maji ya kuoshea vyombo. Siku moja nimemkuta anasukutua mdomo na kumeza, akageuka akaniambia, "Nilikuwa napiga mswaki, mama." Saa 9 usiku. Nilicheka, halafu nikalia, halafu tukacheka wote.

Kilichonisaidia: maji yake ya siku nayagandisha kwenye friji vipande vidogo. Kipande kimoja anakinyonya dakika kadhaa, anaona amekunywa mengi. Na chumvi nimeipunguza hasa, maana chumvi ndiyo mama wa kiu. Viazi nakata vidogo, nachemsha kwenye maji mengi, namwaga yale maji ili potasiamu ipungue, madini ambayo figo zake haziyatoi, ndipo napika. Ndizi, parachichi na madafu tumeagana navyo. Asubuhi na jioni mzani. Ukipanda kilo mbili kati ya safari na safari, najua mwizi kapita.

Na mimi nafoka, Fundi. Nafoka sana tu.

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Fundi, nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka 30, nina mawili matatu.

Kwanza huo uji. Umeandika "alitema". Mwanangu, huenda hakutema. Kiharusi kikichukua upande wa uso, ulimi na koo navyo vinaguswa. Uji ukiingia upande uliolala, mtu hausikii, unachuruzika wenyewe. Mkalishe wima kabisa, kidevu kielekee kifuani, kijiko kiingie upande mzima, yaani kushoto kwake. Uji uwe mzito. Kinachokimbilia mapafuni haraka ni kile chepesi, maji na chai. Kila baada ya vijiko vichache angalia shavu la kulia, utakuta chakula kimejibanza. Akikohoa au sauti ikiwa na majimaji, acha. Akimaliza asilazwe kwa nusu saa.

Pili, ngozi. Mchana mgeuze kila saa 2. Visigino viwe hewani: mto uwekwe chini ya vigimbi, siyo chini ya kisigino. Naona watu wanajaza maji kwenye glavu wanaweka visiginoni, na wengine wananunua lile duara la mpira la kukalia. Acheni. Duara linabana damu pembeni, kidonda kinakuja vilevile. Na pakianza kuiva msipasugue wala kupapaka spiriti. Ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumieni kiganja: palipo na joto au pagumu kuliko pembeni, pameanza. Usimlaze hapo tena mpaka patulie.

Tatu, mkono uliopooza usiuvute hata siku moja, hata ukiwa unamwinua. Bega linachomoka. Mshike kiwiliwili.

Na la Jumapili ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, panapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha siyo kutoka damu. Sisemi ili ujilaumu, wengi mno walichuliwa kama mkeo. Nasema kwa wanaosoma: mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, ni gari na hospitali.

---

Fundi wa Kimanga

Nesi Mstaafu, shikamoo. Nimesoma mara 4.

Kitanda chetu ubavu wa kushoto umegusa ukuta. Kwa hiyo miaka yote hii nakaa kulia, namlisha kulia, namsemesha kulia. Nilikuwa naulisha upande usiosikia na kumkasirikia. Usiku huu nimeamsha kijana wa jirani tumegeuza kitanda.

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Marahaba mwanangu. Hukufundishwa na mtu, ungejuaje. Wanatoa mgonjwa wodini na karatasi ya dawa, mwenye kumlisha hapewi hata dakika 10. Hilo ni kosa letu sisi wa makoti meupe.

---

Bi Mkubwa wa Kisauni

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa. Bwanangu alikuwa nahodha wa jahazi, sasa yuna maradhi ya kusahau. Mwili mzima, yuwala vizuri, lakini mimi hanijui. Jioni huniuliza, "Wewe binti wa nani?" Humjibu, "Binti wa fulani." Hunambia, "Babako namjua, nitakuja kukuposa." Miaka 41 ya ndoa, nishaposwa mara nyingi kuliko wasichana wote wa mtaa huu.

Mwanzo nilikuwa nambishia. "Mimi mkeo, wewe, tuna watoto watano!" Yuwapandwa na hasira, yuwatetemeka, yuwadhani ameingiliwa na mwizi. Mwanangu wa kike ndiye aliyenambia, mama, mfuate aliko. Sasa nafuata. Akisema jahazi lasubiri, namwambia maji yangali yametoka, ngoja yajae, tule kwanza. Kumwambia huna jahazi tena ni kumfilisi kila siku upya.

Tabu yake ni usiku wa bamvua. Sijui ni masikio ama ni damu, lakini maji yakijaa sana yeye huamka, huvaa kikoi, huenda mlangoni. Mara ya kwanza tulimpata ufuoni, maji ya magoti. Siku hizi komeo nimelitia juu kabisa ya mlango, yeye hulitafuta hapa chini palipozoeleka, halioni. Tena mfukoni mwake kuna karatasi yenye jina na namba yangu ya simu, na muuza samaki, mwenye duka na muadhini wote wamejua. Msione haya kuwaambia majirani. Mimi niliona haya mwaka mzima na nusura anifie majini.

Wewe Fundi, hayo ya limbwata waachie wenyewe. Kwetu husema nimemroga ndiyo asahau pesa zake ziko wapi. Wallahi laiti ningejua ziko wapi!

---

Kitinda Mimba

Sijawahi kuchangia humu, huwa nasoma tu. Mama yangu ana miaka 4 kitandani, baba ndiye anayemuuguza, mkoani. Mimi na kaka zangu tunatuma pesa kila mwezi. Nikipiga simu nauliza, "Mama anaendeleaje?" Baba anasema, "Yupo." Nakata, roho safi.

Baada ya kusoma huu uzi nimepiga nikamuuliza baba, "Wewe umelala saa ngapi?" Akanyamaza mpaka nikajua mtandao umekatika. Halafu akasema, "Kwani nani kakwambia silali?"

Naomba likizo wiki ijayo. Nesi, pale unaposema kumshika kiwiliwili, mtu mmoja anaweza kumwinua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti?

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Anaweza kama mgonjwa anakanyaga hata kidogo. Kiti kikae upande mzima wa mgonjwa, kimegusana na kitanda. Mkalishe ukingoni, miguu chini. Wewe kunja magoti, mgongo usikunje, mkumbatie chini ya mabega, goti lako lizuie goti lake legevu. Hesabuni pamoja hadi 3 na ayumbe na wewe. Kanga iliyokunjwa ukiifunga kiunoni mwake ni mshikio mzuri sana. Kama hakanyagi kabisa, muwe wawili. Mgongo wa baba ukienda, mtakuwa na wagonjwa wawili.

---

Mama Tumaini

Wangu ametangulia Machi. Saratani ya umio. Bado naingia kwenye mijadala kama hii, sijui kwa nini.

Nataka kusema juu ya maumivu tu. Tulipopewa mofini ya maji, ndugu zake walikataa, wakasema ni dawa ya kuulia, wengine wakasema atakuwa teja. Nikawasikiliza wiki nzima, na wiki hiyo nilisikia vilio ambavyo bado navisikia. Daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, akatuita wote akatueleza: mtu wa maumivu makali anapewa kwa saa, kila saa 4, siyo mpaka alie kwanza, na apewe pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo. Kuanzia hapo mume wangu alikaa barazani. Alicheza bao. Tulikuwa na wiki 7 za mtu, siyo za mgonjwa. Mwenye mgonjwa wa aina hiyo ulizeni neno hilo hospitali, tiba shufaa, msisubiri muambiwe.

Mpaka leo saa 10 usiku mikono yangu inaamka kabla yangu, inatafuta kikombe cha kupimia.

---

Bi Mkubwa wa Kisauni

Mungu amrehemu, dadangu. Baki hapa hapa, hukufukuzwa na mtu.

---

Kibubu

Fundi, samahani kama navuka mpaka. Mambo ya chumbani mnayafanyaje? Maana hakuna anayeyasema.

---

Fundi wa Kimanga

Hujavuka. Kitanda ni chake, na mito yake 5. Mimi nalala kwenye godoro chini, sambamba. Tangu tugeuze kitanda, mkono wake wa kushoto unaning'inia ukingoni, naushika mpaka mmoja wetu asinzie. Ndiyo hivyo. Kuna siku inatosha, na kuna siku nafua usiku ili nichoke. Miaka 53 siyo uzee, nisikudanganye.

Kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu hawezi kusema "maji". Hawezi kutaja jina langu. Lakini nikianza nyimbo zake za kuhesabu za darasa la pili, anadakia, anaimba mpaka mwisho, maneno yote, sauti ileile ya mwalimu. Mara ya kwanza niliangusha pasi. Nesi, hiyo nayo ni nini?

---

Nesi Mstaafu (Moshi)

Ndivyo ulivyo ubongo. Maneno ya kusema mara nyingi yanakaa kushoto, na kushoto ndiko kulikoumia, ndiyo maana kilichopooza ni kulia. Nyimbo zinashirikisha na upande wa pili. Mwimbie mambo ya siku: mwimbie "uji tayari", mwimbie "geuka". Uliza maswali ya ndiyo na hapana. Na umwache amalize kutafuta neno, usimmalizie.

---

Asali Chungu

Fundi, mimi niko Segerea, jirani yako. Mume wangu alikuwa bodaboda, akagongwa 2021, uti wa mgongo. Ana miaka 36. Kichwa kizima, mikono mizima, kiunoni kushuka chini hakuna kitu. Mimi nauza mihogo ya kukaanga jioni, nikiondoka anabaki anaangalia dari. Siku hizi hataki hata kuoga. Anasema, "Nioge niende wapi?"

Nimewaza, ila usinicheke. Mkeo anahitaji mtu wa kusikia kikombe. Mume wangu ana masikio na ana simu. Nikikuletea kwa bajaji Jumamosi mchana, wewe si unaweza kutoka kidogo? Akisikia gonga anakupigia, au anamwita huyo kijana wa jirani. Mimi sitaki hela. Nataka awe ametoka nje ya chumba.

---

Chuma cha Pua

Watu wa mtandaoni hao Fundi, utaibiwa cherehani.

---

Asali Chungu

Tukutane kwanza kwa mjumbe wa mtaa wenu, na vitambulisho. Atakayeiba cherehani kwa kiti cha magurudumu mpeni tu, kashinda.

---

Fundi wa Kimanga
wiki 5 baadaye

Naleta mrejesho, maana naona watu wananiuliza.

Tulikutana kwa mjumbe. Kijana, mume wa Asali Chungu, akaja Jumamosi ya kwanza amenuna, hakusalimia vizuri, akakaa barazani kakunja uso. Mwalimu akagonga mara 3. Nikamwambia, hiyo siyo kazi, anataka mtu wa kukaa naye. Kijana akauliza, "Na nikishakaa nifanye nini?" Nikamwambia hakuna anayejua.

Nikaondoka. Sikuwa na pa kwenda! Miaka mitatu naota saa 2 za peke yangu, nimezipata nimesimama kituoni sijui nipande gari gani. Nikaingia kwa kinyozi. Alivyoniwekea tu taulo shingoni nikalala. Nimeamka saa 11 kasoro, kinyozi amehamishia wateja kiti kingine, nywele zangu nusu zimenyolewa, nusu bado. Akasema, "Nilikuuliza upande wa pili, ukakoroma, nikajua jibu." Akamalizia. Hela akakataa.

Jumamosi ya pili kijana hakuja. Alimgombeza mkewe, akavunja sahani. Ya tatu akaja. Ninayo cherehani ya mkono, ya marehemu mama, haitaki miguu. Nikaiweka mezani mbele ya kiti chake. Mishono yake inakwenda kama njia ya mlevi, na matundu ya vifungo ameniharibia mawili ya shati la mteja, nimelipa. Lakini anarudi. Wiki hii kaoga kabla ya bajaji kufika, mkewe ndiye kaniambia.

Kufoka sijaacha. Jumatano nimefoka. Nikatoka nje, nikahesabu vifungo kwenye kopo mpaka 60, nikarudi nikaimba "samahani". Aligonga mara 3.

---

Mama Kulwa wa Igoma

Nusu kichwa! Nimecheka mpaka mzee kauliza kuna nini, nikamsomea, kacheka na yeye. Leo mzani unasoma vizuri.

Fundi, mkeo anavaa nini? Wangu sasa mkono wenye mshipa wa kuunganishia mashine ya kusafisha damu haupiti kwenye mashati, kila kumvalisha ni vita.

---

Fundi wa Kimanga

Mwalimu nimemshonea madera yaliyopasuliwa nyuma, shingo mpaka pindo. Pande mbili zinapishana inchi 6, kwa hiyo akikaa hakuna kinachoonekana, na akilala unatoa bila kumwinua. Kamba mbili tu, zinafungwa begani. Nyuma usiweke vifungo wala mshono mnene, anavilalia vinamchimba. Mkono wa kulia nimeufanya mpana mara mbili. Unatangulia kuvisha huo mgonjwa, halafu mzima. Kuvua, mzima kwanza.

Kwa mzee tutafanya shati la kawaida, ila mkono wa mshipa upasuliwe kuanzia kwapa hadi kiganjani, tutie ile kanda ya kunata badala ya vifungo, manesi wafungue hapohapo bila kumvua. Kanda ikae mbali na mshipa, na mkono usibane. Kijana atakata, mimi nitashona.

Nitumie upana wa kifua, na useme mshipa uko mkono gani.